Nani Alihesabu Risasi?

Siku moja nikiwa nafundisha wastani, nilichora duara kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma wa darasa letu. Nilizungushia kopo la mafuta ya msaada, lile la bati ambalo karibu kila nyumba hapa Nyarugusu inalo, kama si la kuchotea maji basi la kupandia vitunguu. Nikawapa vijana wawili manati na vidonge vya udongo mbichi. Kila mmoja apige mara tano kutoka umbali uleule. Kidonge kikigonga ukuta kinaacha alama, sisi tunapima kwa rula alama iko juu au chini ya kitovu cha duara kwa sentimita ngapi, tunaandika kwenye daftari. Darasa zima lilikuwa macho, hata wale wanaosinziaga ikifika saa sita mchana.

Mama mmoja alikuja kumchukua mwanaye aliyekuwa na homa. Akasimama mlangoni, akatazama ukuta, akatazama manati.

"Mwalimu, samahani. Ndo unawafundisha watoto kupiga?"

"Hapana, mama. Ni hesabu tu."

"Hesabu za nini?"

"Za kulenga. Tunaandika walipopiga, halafu tunatafuta wastani."

Alinyamaza kidogo, mkono ukiwa begani kwa mtoto. Kisha akasema, bila hasira: "Hizo hesabu mimi nilizifanya kule Nyanza-Lac, miaka ya vita. Usiku, chini ya kitanda. Nilikuwa nahesabu milio. Nilifika arobaini na moja, mtoto akaamka akaanza kulia, nikaacha." Akaaga vizuri, akaondoka na mwanaye.

Nilifuta lile duara. Lakini maneno yake hayakufutika, na mimi ni mtu wa Rumonge, nimekulia kwenye ufuo uleule wa ziwa. Nikajiuliza: risasi zilizopigwa kwenye ziwa letu na kandokando yake, nani alizihesabu? Kwa sababu gani? Na hesabu ya nani ilihifadhiwa? Makala haya ni yale niliyoyapata nikisoma usiku kwa simu na kwa vitabu vya kuazima. Sijawahi kushika bunduki, na sina hamu. Lakini hesabu ninaijua, basi nianze na hesabu.

Somo la ukutani

Tuseme kijana wa kwanza alipiga mara tano, na alama zake zikawa sentimita 10, 12, 9, 11 na 8 juu ya kitovu. Duara lina nusu kipenyo cha sentimita 5. Maana yake amekosa zote tano. Kijana wa pili alama zake ni hivi: 20 juu, 18 chini, 15 juu, 16 chini, na 1 chini. Huyu amepata moja. Darasa lote litampigia makofi wa pili.

Sasa tafuta wastani. Wa kwanza, jumla ni 50, gawanya kwa 5, unapata 10 juu. Wa pili, ukijumlisha za juu na kutoa za chini unapata 0. Kwa wastani, kijana wa pili amepiga katikati kabisa! Kumbe vidonge vyake vinne kati ya vitano viliruka mbali. Wastani wake ni mzuri kwa sababu makosa ya juu yamefuta makosa ya chini.

Mjuzi wa shabaha hatazami wastani peke yake. Anatazama vitu viwili. Cha kwanza ni kundi, yaani alama zimekaa karibukaribu kiasi gani. Cha pili ni umbali wa kundi hilo na kitovu. Kijana wa kwanza kundi lake ni la sentimita 4 tu kutoka ya chini hadi ya juu. Mkono wake hautetemeki. Kinachomkosesha ni kitu kimoja kinachojirudia, labda analenga juu mno. Mwambie ashushe sentimita 10, zote tano zitaingia. Wa pili huwezi kumsaidia kwa neno moja. Kosa lake halina mwelekeo, na dawa yake ni mazoezi ya muda mrefu.

Kuna mambo mengine mawili. Moja ni kwamba ukipiga mara tatu kundi litaonekana dogo, ukipiga mara kumi litaonekana kubwa, hata kama mpigaji ni yuleyule. Si kwamba amechoka. Kadiri unavyoongeza mapigo, ndivyo unavyoongeza nafasi ya moja kwenda mbali. Anayejisifia kwa mapigo matatu bado hajajipima. La pili ni ile risasi iliyopotea. Nne zimekaa pamoja, ya tano imeenda kona. Kila mtu anatamani kuifuta: "Hiyo usiiandike, upepo ulinisukuma." Kanuni ya waandishi wazuri ni kwamba mpigaji ataje kosa lake kabla hajaona ilipoangukia. Akisema "hii nimeiharibu" kabla ya kutazama, neno lake lina uzito. Akisema baada ya kutazama, anatafuta sababu tu. Risasi inaandikwa.

Lishike hilo la risasi iliyopotea, tutalirudia.

Hesabu ilivyoingia jeshini

Uandishi wa namna hii haukuanzia shuleni. Waingereza walipopigana na Makaburu Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, walikutana na wakulima waliokuwa wanalenga kuliko askari wa mshahara. Baada ya vita hivyo wakabadili mafunzo yao. Askari alianza na risasi tano katika umbali wa yadi 100, si kutafuta katikati bali kutafuta kundi, na mkufunzi alipima matundu kwa duara la waya. Mwisho wa mafunzo alitakiwa kupiga risasi 15 kwa dakika moja katika yadi 300. Kwenye handaki chini ya shabaha walikaa watu wa kuonyesha risasi ilipopiga kwa kibao kwenye mti mrefu, na kupeperusha bendera ikikosa. Huku nyuma karani anaandika.

Upande wetu wa ziwa walitawala Wajerumani. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Kiafrika wa jeshi lao walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi. Yaani askari akifyatua, adui anajua palepale yuko wapi. Ng'ambo, Wabelgiji nao walikuwa na bunduki kuukuu za kuingiza risasi moja moja. Watu wetu walipewa silaha ambazo wazungu wenyewe walikuwa wamezipumzisha, wakaambiwa wazijaribie miili yao.

Lakini hesabu ya kulenga iliyojulikana zaidi katika ziwa letu haikuwa ya bunduki. Ilikuwa ya mizinga, juu ya maji.

Makombora matatu

Mwaka 1915 Wajerumani ndio waliokuwa wenye ziwa. Walikuwa na meli ndogo Kingani na Hedwig von Wissmann, na huko Kigoma walikuwa wameshusha majini meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa vipandevipande ndani ya masanduku. Chombo chochote kati ya Kigoma na Usumbura kilipita mbele ya ufuo wetu, Rumonge ikikiangalia.

Waingereza wakaamua kuleta boti mbili za injini kutoka London. Ziliitwa Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa kama mita 12, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Zilisafiri kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, halafu zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe, na mikono ya mamia ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Kisha mto Lualaba, kisha reli tena mpaka ziwani, mahali panapoitwa leo Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku moja baada ya Krismasi, Kingani ilikuja kuchungulia. Mzinga wake ulikuwa mbele na uliweza kupiga mbele tu. Boti za Waingereza zikaja kwa nyuma. Katika dakika 11 mambo yalikwisha: nahodha amekufa, meli imetekwa. Waingereza wakaitengeneza, wakaifunga mzinga mkubwa zaidi, wa ratili 12, wakaipa jina la Fifi.

Tarehe 9 Februari 1916 ikaja Hedwig kumtafuta mwenzake. Fifi na Mimi zikatoka kuifukuza. Hapa sasa hesabu inaanza. Fifi ikipiga mzinga wake, kishindo kinairudisha nyuma mpaka inakaribia kusimama, na Hedwig inapata nafasi ya kukimbia. Mimi ina mbio, lakini mzinga wake mdogo haupati kitu. Makombora ya Fifi yanaisha moja moja. Mwisho yamebaki matatu.

Inasimuliwa kwamba aliyeokoa mambo ni luteni Wainwright kwenye Mimi. Kombora likianguka mbele ya chombo unachokilenga, unaona maji yakiruka, unajua umepiga karibu mno. Likipita juu na kuanguka nyuma yake, chombo chenyewe kinakuzibia. Hujui limeenda wapi. Ni mtu aliye pembeni ndiye anayeona. Wainwright alikuwa pembeni. Aliona kwamba yote yanapita juu, akarudi kumwambia mkubwa wake kwamba anapiga mbali mno. Ni kijana wetu wa kwanza yuleyule: kosa linajirudia, na linasahihishwa kwa neno moja.

Kombora lililofuata likakwama ndani ya mzinga. Dakika 20 zikapita wakilitoa, Hedwig inaenda. Likabaki la kabla ya mwisho: likapiga ubavu wa meli. La mwisho: likaingia chumba cha injini, boila ikapasuka. Hedwig ikawaka moto, ikazama.

Nilipolisoma hili kwa mara ya kwanza, nakiri, nilifurahia kama mwalimu wa hesabu. Halafu nikarudi nyuma nikasoma tena hiyo sentensi ya boila. Chumba cha injini kina watu. Katika meli zile, waliokuwa wakilisha moto kuni huko chini walikuwa Waafrika. Masimulizi yote niliyoyapata yanakubaliana juu ya makombora: matatu yalibaki, moja lilikwama, mawili yalipiga. Majina ya maofisa yapo, ya Mwingereza na ya Mjerumani. Lakini kwa wale wa chumba cha injini sikukuta hata jina moja. Wametajwa kwa idadi tu, tena idadi yenyewe inabadilika kutoka simulizi moja hadi nyingine.

Walitoka wapi? Ufuo wa Wajerumani ulikuwa ni wetu: Usumbura, Rumonge, Nyanza-Lac, mpaka Kigoma na chini zaidi. Inawezekana babu wa mtu anayesoma gazeti hili yuko chini ya maji yale. Na haiwezekani kumjua, kwa sababu karani alikuwa anahesabu makombora.

Wanaume walioitwa namba

Nusu karne baadaye, makarani wengine walivuka ziwa. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, kundi la kwanza la Wakyuba lilitoka Kigoma likafika Kibamba, upande wa Kongo, kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigania Fizi na Baraka. Siku hewa ikiwa safi, milima ile tunaiona kutoka Rumonge. Kiongozi wao alikuwa Ernesto Che Guevara. Ili kujificha walijipa majina kutoka kamusi ya Kiswahili, wakaanza na namba. Kamanda wa mbele ya watu aliitwa Moja, mwingine Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Waliofuata wakaendelea kuhesabiwa hivyohivyo. Ni mara chache lugha yetu imepewa kazi ya ajabu kama hiyo.

Che alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na alichoandika kuhusu Kongo yeye mwenyewe alikiita habari ya kushindwa. Aliandika juu ya shabaha pia. Aliona wapiganaji wakifumba macho na kushikilia kifyatulio mpaka risasi zote ziishe. Tarehe 29 Juni 1965 walishambulia kituo cha Bendera, penye umeme wa maji. Walishindwa, Wakyuba wanne wakafa, na wengi wa wenzao wa Kikongo na Kinyarwanda walikimbia bila kupigana.

Wasomaji wengine hulichukua hilo kama tusi kwa Mwafrika. Mimi naliona tofauti. Kufumba macho ni jambo la kila mwanafunzi wa bunduki, awe wa London au wa Fizi; mwili unaogopa kishindo kabla hakijatokea. Ndiyo maana wakufunzi wa shabaha huchanganya risasi bovu kati ya nzima bila kumwambia mpigaji. Ikifika ile bovu, mlio hausikiki, lakini mtutu unaruka kwa woga, na kosa linaonekana. Wale wa Fizi hawakupewa mafunzo hayo. Walipewa silaha za kisasa, basi.

Lililonigusa zaidi ni habari ya dawa. Wapiganaji waliamini kwamba dawa ya mganga inazuia risasi. Lakini dawa ilikuwa na masharti: usichukue kitu kisicho chako, usiguse mwanamke, usiogope. Che aliona mtego uliomo. Mtu akipigwa risasi, wanasema alivunja sharti. Na nani asiyeogopa akiwa vitani? Kwa hiyo dawa haikosi kamwe. Maiti hawezi kusimama kusema: mimi sikuogopa.

Si ndiyo ile risasi iliyopotea, ndugu msomaji? Kila inayokosa inatafutiwa sababu, inafutwa, na daftari linabaki safi. Tusiwacheke wale vijana. Nimeona ofisi nyingi zenye kompyuta zikifanya hivyohivyo. Mpango ukifaulu, ni mpango mzuri. Ukishindwa, walengwa hawakufuata masharti.

Tulivyohesabiwa sisi

Graf von Götzen haikupigana kamwe na Mimi wala Fifi. Mzinga wake mkubwa uliondolewa ukapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake wakaweka wa mbao ili adui aogope. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma, baada ya mafundi kupaka injini mafuta mazito ili zisiharibike. Waingereza waliiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Meli hiyo wengi wenu mnaijua kwa miguu yenu. Mwezi Mei 2015 tulikuwa Kagunga, kale kakijiji ka Tanzania kando ya mpaka, mlima nyuma, ziwa mbele. Kijiji cha watu wachache kilijaa maelfu na maelfu. Rumonge ilikuwa imefanywa mkoa mwezi Machi mwaka huohuo, na miezi miwili baadaye mimi na jirani zangu tulikuwa tumelala juu ya changarawe za nchi nyingine. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa, na Liemba ilikuwa inachukua kama watu 600 kwa safari.

Haikuweza kufika ufukweni. Mitumbwi ilitupeleka hadi ubavuni mwake. Juu yupo kijana mwenye ubao na karatasi, anapiga vistari: vinne vimesimama, cha tano kinakata. Vistari vitano, watu watano. Nilimwangalia mkono wake muda wote. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja amebeba mjukuu mgongoni ndani ya kitenge, na kijana hakumwona mtoto. Nikamwambia: "Kaka, hapo ni wawili." Akaongeza kistari. Akasema: "Asante, mzee," ingawa mimi na yeye tulikuwa karibu umri mmoja. Wakati ule sikujua kwamba nilikuwa nafanya kazi ya Wainwright. Nilikuwa pembeni, basi nikaona.

Simlaumu yule kijana. Vistari vyake ndivyo vilivyoleta mikate kwenye uwanja wa mpira wa Kigoma tulikoshushwa, na mabasi ya kuja hapa. Nasema tu kwamba hesabu ya mbali huwa inakizibwa na kile inachokitazama. Waliobaki Kagunga chini ya udongo, waliokufa kabla meli haijaja, vistari vyao vilipigwa wapi? Familia zao wanajua. Mimi najua wawili.

Risasi na rozari

Tuna hesabu kubwa kuliko hizi zote. Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi yalianza kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac, na waliouawa siku hizo za mwanzo wengi walikuwa Watutsi. Kisha serikali ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, miezi kadhaa, wakianza na waliosoma. Wazee wetu wanaiita Ikiza. Waliovuka ndio waliojenga Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliouawa ni wangapi? Wengine wanasema laki moja, wengine laki mbili, wengine mpaka laki tatu.

Weka hiyo kwenye ukuta wetu wa chaki. Makombora ya Fifi tunayajua moja moja, miaka zaidi ya 100 imepita. Watu wa 1972 tunawajua kwa laki, na tofauti kati ya kadirio moja na jingine ni laki mbili. Kundi limetawanyika kiasi hicho, na ndani ya mtawanyiko huo kila chama na kila kabila limejichagulia namba yake. Mwenye kutaka kupunguza anapata pa kusimama, mwenye kutaka kuongeza naye anapata. Risasi zilizopotea za upande wangu nazifuta, za upande wako naziandika kwa wino mwekundu.

Februari 2020 Kamisheni ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza huko Karusi kwamba katika makaburi sita ya pamoja imepata mabaki ya watu 6,032, pamoja na maelfu ya risasi. Soma tena: watu wamehesabiwa hadi wa mwisho, risasi ndizo zimesemwa kwa maelfu. Ni mara ya kwanza kuona hesabu ya ziwa letu na nchi yetu ikigeuzwa upande wa pili. Na baadhi ya watu hao walitambuliwa. Si kwa risasi, bali kwa nguo, kwa miwani, kwa rozari walizokuwa nazo. Kuna watu wanabishana juu ya kazi ya kamisheni hiyo, kwamba inafukua makaburi ya wengine na kuyaacha ya wengine. Ubishi huo una maana, kwa sababu mwandishi wa shabaha haruhusiwi kuchagua matundu ya kupima. Lakini kanuni yenyewe ni sahihi: andika kila kitu, umbali, siku, mahali, na mwisho tafuta jina.

Arobaini na moja

Wiki kama mbili baada ya siku ile, nilimtafuta yule mama. Nilimkuta anachambua dagaa mbele ya nyumba, ndagala kama tunavyosema kwetu, na alinikaribisha kiti. Nikamwomba msamaha kwa manati. Akacheka kidogo: "Mwalimu, manati siyo shida. Watoto wanapiga ndege kila siku."

Nikamuuliza kwa nini usiku ule alikuwa anahesabu. Nilidhani atasema ni woga. Akasema: "Mume wangu alikuwa nje. Nilikuwa nasikiliza milio inatoka upande gani. Ile ya barabarani sikuihesabu. Nilihesabu ya upande wa ziwa tu, kwa sababu yeye alikuwa ziwani."

Yaani alikuwa anaandika mwelekeo. Bila karatasi, bila rula, na mtoto kifuani. Mjuzi wa shabaha angempa kazi.

"Alirudi?" nikauliza.

"Alirudi asubuhi. Wenzake wawili hawakurudi." Akanitajia majina yao, na kijiji cha kila mmoja, na mmoja alikuwa na mtumbwi wa rangi gani. Aliyajua yote.

Sasa daftari lile la darasa bado ninalo. Ukurasa mmoja una alama za vijana wawili: juu 10, juu 12, juu 9. Ukurasa unaofuata, kwa ruhusa yake, nimeandika: Nyanza-Lac, usiku, milio 41 upande wa ziwa, hesabu haikukamilika. Chini yake majina mawili ya wavuvi. Hayo siyachapishi hapa, ni ya familia zao. Lakini kurasa zilizobaki ni nyingi na kalamu ipo. Mwenye hesabu ya usiku wake aje, darasa liko wazi kuanzia saa tisa.